Uzinifu hukupa talaka, haukupi nyumba

Mhariri,

Mtu akishamfumania mwenzake, hukimbilia kukusanya picha, jumbe za WhatsApp na risiti ya lojing'i. Anafika kwa wakili na bahasha nono, akiamini aliyekosa ataondoka mikono mitupu. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inautaja uzinifu kuwa sababu ya kuvunja ndoa, lakini mali hugawanywa chini ya Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, na kifungu cha 7 kinajali jambo moja: nani alichangia nini.

Wengine wanadhani ni nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa ulio katika Kifungu cha 45(3) cha Katiba haumpi mtu nusu asipothibitisha mchango wake.

Mchango si pesa tu. Sheria inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kule Njoro kukamua ng'ombe amechangia. Tatizo ni karatasi. Kitabu cha maziwa kina jina la mume. Mkopo wa mama kutoka chama cha akiba ulinunua mabati, ila risiti ya duka ina jina la mume kwa kuwa ndiye aliyeyafuata na pikapu. Hapo tarehe ndizo zitakazosema: ukurasa wa mkopo katika daftari la chama, taarifa ya M-Pesa ya siku pesa zilipotumwa, kisha risiti yenyewe. Zikifuatana kwa siku mbili tatu, hakimu anaona njia ya pesa. Zitolewe kopi mapema, maana risiti za mashine hufifia hadi zikabaki nyeupe. Na machapisho ya karatasi kutoka kwenye simu yaambatane na cheti kinachoeleza yalivyotolewa, kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Yasipokuwa nacho, upande wa pili utayapinga, na mara nyingi utafaulu.

Kosa linaloumiza zaidi ni kumpelekea mwenzako karatasi za talaka kabla ya kulinda ploti. Anza kwenye ofisi ya ardhi: fanya sachi rasmi ujue hati miliki iko kwa jina la nani na kama ina deni la benki, kisha uombe kosheni, yaani zuio la kuuza au kuhamisha ardhi. Hati yenye jina la mmoja, iliyopatikana wakati wa ndoa, huchukuliwa kuwa mwenye jina anamshikia mwenzake amana hadi ithibitishwe vingine, na mali ya wanandoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Lakini kumfukuza mnunuzi aliyekwisha kusajiliwa ni kesi nyingine ya miaka.

Shamba ambalo hati yake bado ni ya baba mkwe, hali ya kawaida kutoka Bahati hadi Kakamega, halihesabiwi mali ya wanandoa hata kama mmejenga juu yake nyumba ya mawe.

Madeni nayo husahaulika. Deni lililochukuliwa kwa faida ya ndoa hubebwa sawa kwa sawa, ingawa mali hugawanywa kwa mchango. Leteni taarifa za sako pamoja na hati za ardhi.

Kuhusu matunzo ya mke au mume, korti hupima mahitaji ya anayeomba na uwezo wa anayedaiwa, na imesema mara nyingi kwamba mwenye uwezo wa kujitafutia hapaswi kugeuka mzigo kwa aliyeachana naye. Ombi la "pesa za matumizi" bila mchanganuo halifiki mbali. Andika kodi, chakula, dawa na nauli, kila kimoja na kiasi chake kwa mwezi, uambatishe risiti. Karo na matunzo ya watoto yako chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na ombi hilo laweza kuwasilishwa kabla hata kesi ya talaka haijafunguliwa.

Wasaidizi wa kisheria,
Nakuru