Barua ya kufunga muhula: Siku ya Hisabati, na kile kikaratasi

Ndugu wazazi na walezi, salaam.

Muhula umeisha salama, ripoti ziko kwa walimu wa madarasa, madawati mapya mmeyaona wenyewe.

Nianze na raha. Tarehe 14 Machi, ile Siku ya Kimataifa ya Hisabati iliyotangazwa na UNESCO 2019, tarehe yenyewe, mwezi wa 3 siku ya 14, imetokana na 3.14, ile namba ya pai unayoipata ukigawa mzunguko wa duara kwa kipenyo chake, watoto wenu walinifurahisha mpaka basi. Hotuba hatukuweka. Tulitoa kamba, ndoo, mifuniko na baiskeli ya mlinzi, wakapima mzunguko wakagawa kwa kipenyo, mfuniko ukatoa 88 kwa 28, ndoo 110 kwa 35, kila kitu kinarudi palepale, tatu na kidogo. Kabinti kamoja ka darasa la tano, kale kasiyesemaga kitu, kakaniuliza, "Mwalimu, hata mwezi?" Nikamwambia hata mwezi. Akanyamaza, akaenda kupima tena ule mfuniko. Nikawasimulia na Archimedes, yule mwanahisabati Mgiriki wa kale, miaka zaidi ya 2200 iliyopita, hana kalkuleta, kachora umbo la pande 96 ndani na nje ya duara akaibana hiyo namba kati ya 223/71 na 22/7.

Ila sasa. Jaribio la wiki iliyofuata, watoto 11 wa darasa la saba wameandika 3.41, wote, kufuatilia kumbe kuna kikaratasi kimepita dawati kwa dawati, na mwenye nacho alinakili vibaya! Nikaita wazazi 11, wamekuja wanne. Na kilichoniuma sio hata kikaratasi, ni mzee mmoja kaniambia mtoto wake kasimama palepale, "Mwalimu muache tu, ukoo wetu hesabu hatuna." Jamani! Kuna mzazi anayejisifu ukoo wetu kusoma hatujui? Mbona hesabu mnaisema kama ugonjwa wa kurithi, tena mnacheka? Na huyo mzee ni fundi ujenzi, kona ya nyumba anaipiga kwa kamba ya 3, 4, 5 kila siku ya Mungu, hiyo si ndiyo kanuni ya Pythagoras yenyewe, ile ya pembetatu yenye kona mraba?

Wale saba ambao hamjafika, mtoto hapokelewi muhula ujao bila nyie. Sio shangazi, sio kaka. Nyie.

Karo, mwenye deni anajijua, aje tuongee, asimtume mtoto kusema baba kasafiri.

Vifaa vya watu tumerudisha, umebaki mfuniko mmoja mkubwa wa sufuria, uko ofisini kwangu.

Mwalimu Mkuu