Barua ya wazi kwa vijana wanaoililia Monolith

Wanangu,

Tarehe 25 Februari 2025 Warner Bros. ilitangaza kuifunga Monolith Productions, pamoja na Player First Games na studio ya Warner iliyoko San Diego. Gemu ya Wonder Woman, iliyokuwa ikisubiriwa tangu Desemba 2021, ikafutwa siku hiyohiyo. Studio iliyozaliwa 1994 katika jimbo la Washington, ikatupa Blood, No One Lives Forever, F.E.A.R., Condemned na Shadow of Mordor, ikaishia hapo. Hasira yenu ni ya haki na siwaambii muimeze. Nawaomba muipeleke panapofaa. Sisi wachezaji tumebakiwa na vitu vitatu tu tunavyoweza kuvishika: mafaili, maarifa ya kuyafanya yaendelee kucheza, na majina ya watu waliozitengeneza gemu hizi. Mengine yote ni mali ya makampuni.

Hizo saini mnazokusanya ili studio ifunguliwe upya, ziacheni. Maji yamekwisha kumwagika. Aliyeachishwa kazi ana kodi ya nyumba, bima ya afya ya Marekani mara nyingi hufungamana na ajira, na mgeni mwenye viza ya kazi ya H-1B hupewa siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine. Hadi saini zifike laki moja, timu yenyewe haipo tena. Hata wakongwe waliotoka Monolith mapema na kwenda kuijenga Cliffhanger Games chini ya kampuni ya gemu ya EA, nao studio yao ilifungwa Mei 2025 na gemu yao ya Black Panther ikafutwa. Saini mtazihitaji kwa jambo jingine, nitalifikia.

Acheni pia kumwaga maoni mabaya kwenye kurasa za gemu zao za zamani ili kuiadhibu kampuni. Tangu 2019 Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikiona wimbi la maoni yasiyohusu gemu yenyewe inaweza kuyaondoa kwenye hesabu ya alama. Mnayemuumiza ni kijana wa miaka 16 ambaye angeifungua F.E.A.R. kwa mara ya kwanza, akasoma matusi, akapita.

Sasa kazi yenyewe. Blood, F.E.A.R. pamoja na nyongeza zake mbili, Shadow of Mordor na Shadow of War zote zimekuwa zikiuzwa GOG, duka jingine la mtandaoni, na huko unapata kisakinishi unachoweza kukiweka kabatini, kisichomuuliza mtu ruhusa. Ukiingia kwenye akaunti yako, usibonyeze kitufe kinachofungua programu ya Galaxy. Shuka chini mpaka kwenye visakinishi vya kutumika bila mtandao. Gemu kubwa huwa imekatwa vipande: faili moja la .exe na mafaili kadhaa ya .bin, kila moja likikaribia gigabaiti 4. Yote yakae katika folda moja. Likikosekana moja, au likiwa limekatika njiani, usakinishaji utakwama katikati na kukuambia faili limeharibika. Shadow of War inataka zaidi ya gigabaiti 70, kwa hiyo anayenunua bando la kupimwa ashushe kipande kimoja kimoja. Mtandao ukikatika atakuwa amepoteza kipande hicho tu.

Kushusha peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi hupotezea kila kitu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Uhifadhi kwenye faili la maandishi kando ya gemu. Ukishanakili kwenda diski ya pili, rudia amri ileile na ulinganishe. Ikitofautiana hata tarakimu moja, nakala hiyo ni mbovu. Mara nyingi kosa ni waya wa USB uliochoka, au flashi bandia: imeandikwa terabaiti 1 nje, ndani ina gigabaiti 32, na ikijaa inaanza kuandika juu ya data ya mwanzo bila kusema neno. Flashi au diski mpya ipime kwanza kwa programu ya bure ya H2testw. Inaijaza yote kisha inaisoma tena, hivyo inachukua saa nyingi. Vumilia.

Diski iumbizwe (ipangwe upya kupokea mafaili) kwa mfumo wa exFAT au NTFS. FAT32 hukataa faili lolote linalofika gigabaiti 4. Kwa nakala ya kuweka kabatini chukua diski ya kuzunguka badala ya SSD, maana SSD ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data. Ziwe nakala mbili, katika nyumba mbili. Mara mbili kwa mwaka zichomeke na mpime zile tarakimu upya.

Msisahau mliyoyacheza wenyewe. Yule orki wa Shadow of Mordor aliyekuua mara tatu akapanda cheo, akakukumbuka kwa jina na kovu, anaishi ndani ya faili lako la kuhifadhi mchezo na hapatikani kwa mtu mwingine yeyote. Kwa toleo la Steam, fungua folda ya Steam, kisha userdata, kisha namba ya akaunti yako, kisha namba ya gemu: 241930 kwa Shadow of Mordor, 356190 kwa Shadow of War. Ndani kuna folda iitwayo remote. Ifunge Steam kabisa kabla ya kuinakili. Siku ya kuirudisha, zima kwanza hifadhi ya mtandaoni kwa gemu hiyo, la sivyo Steam itaiona nakala yako kuwa ngeni na kuifunika kwa ile iliyoko kwenye seva.

F.E.A.R. ina ugonjwa wake unaowafanya wapya waseme ni mbovu. Kwenye kompyuta ya kisasa inaanza vizuri, kisha baada ya muda inakuwa nzito, picha zinakatika, hata kama kadi ya picha ni ya bei kubwa. Kadi haina kosa. Gemu hii ya 2005 inashughulikia vibaya vifaa vya USB vya kuingizia amri, yaani baadhi ya kipanya, kibodi na vidhibiti, na mzigo unaongezeka kadiri unavyocheza. Mashabiki wametengeneza faili la dinput8.dll linaloziba tundu hilo. Linalohudumiwa vizuri kwa sasa linakuja na kiraka cha mashabiki kiitwacho EchoPatch. Liweke kwenye folda yenye FEAR.exe. Nyongeza mbili zina folda zao, FEARXP na FEARXP2, nazo zinahitaji nakala yake. Ndiyo maana mtu husema limefanya kazi halafu akalalamika tena akifika Extraction Point, nyongeza ya kwanza. Kiraka hiki kikae kabatini pamoja na kisakinishi, na karatasi ya maelezo mistari mitano. Viraka vya mashabiki hupotea haraka kuliko gemu zenyewe, kwa sababu tovuti moja ikifa navyo vimekwenda.

Condemned 2 haijawahi kutoka kwa kompyuta. Mwenye diski yake ya PS3 au Xbox 360 aitunze wima, kwenye kasha, mbali na jua.

No One Lives Forever ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Haiuzwi popote kidijitali, na si kwa sababu ya ufundi. Toleo la kwanza lilitolewa na Fox Interactive, la pili na Sierra, nayo Monolith ikanunuliwa na Warner 2004. Leo madai yanayowezekana yametawanyika kati ya Warner, Activision iliyo chini ya Microsoft, na Disney iliyonunua mali za Fox. Nightdive, studio inayofufua gemu za zamani, walijaribu miaka ya 2013 na 2014 kuzitengeneza upya, wakazungushwa kati ya milango hiyo, wakaacha. Hapa ndipo saini zenu zinapohitajika. Msiombe muujiza. Ombeni kila kampuni iseme kwa maandishi ina hisa gani, na ikubali gemu ziuzwe kama zilivyo. Wakati huohuo zipigieni kura kwenye Dreamlist, orodha ya GOG ya gemu wachezaji wanazozitaka, kwa sababu orodha hiyo GOG huitumia inapokwenda kuongea na wenye haki. Mwenye diski halisi aitolee taswira kamili, yaani faili lenye nakala ya kila kilichomo ndani yake, mapema, kabla mikwaruzo haijaongezeka, na asiiuze nakala hiyo. Mkianza kuuza mnawapa wanasheria sababu ya kufunga na yale wanayoyavumilia.

Kuhusu hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya mfumo wa Nemesis, ule unaomfanya orki wa Shadow of Mordor akukumbuke, naona maneno mengi yasiyo sahihi. Ilitolewa Februari 2021 na inaweza kudumu hadi 2036, mradi ada za kuilinda zilipwe; kwa sheria ya Marekani ada hizo hudaiwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa, kwa hiyo zinazofuata ni Agosti 2028 na Agosti 2032. Inalinda mbinu mahususi zilizoandikwa katika madai yake, yaani vifungu vinavyotaja kinacholindwa. Wazo la adui anayekukumbuka halina mwenyewe, na gemu nyingine, Warframe, ilileta maadui wa namna hiyo, Kuva Lich, mwaka 2019. Anayetaka kutengeneza gemu asome madai hayo, si vichwa vya habari. Asome pia maelezo aliyoyatoa Jeff Orkin, aliyekuwa mhandisi wa Monolith, mwaka 2006 juu ya akili ya askari wa F.E.A.R., jinsi wanavyojipangia hatua wenyewe kutoka kwenye lengo. Yako wazi kwa yeyote.

Na watu. Msiwafuate waliofukuzwa mkiwadai picha na siri za Wonder Woman. Mikataba ya malipo ya kuondokea kwa kawaida huwafunga mdomo, na picha moja iliyovuja inaweza kumgharimu mtu pesa anazolishia familia. Ukimwandikia mmoja wao, andika mistari mitatu: gemu gani, sehemu gani hasa, ilikufanyia nini. Usimuulize chochote. Barua ya namna hiyo huweza kuionyesha kwa mwajiri anayemfuata.

Kisha fungueni orodha za washiriki mwishoni mwa kila gemu, mzirekodi kwa video, na mlinganishe na MobyGames, tovuti inayohifadhi kumbukumbu za gemu na watengenezaji wake. Jina likikosekana, tumeni sahihisho pamoja na picha ya skrini, kwa tahajia ileile iliyoko kwenye gemu. Waliofanya kazi ya Wonder Woman miaka mitatu na zaidi hawana orodha popote, kwa kuwa gemu haikutoka. Mmoja wao akitangaza mwenyewe hadharani kwamba alikuwemo, uhifadhini ukurasa huo kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni la nakala za kurasa za wavuti, siku hiyohiyo, maana akipata kazi mpya huenda akaubadilisha, na hakutakuwa na mahali pengine panaposema alikuwepo.

Mzee wenu, mchezaji mwenzenu