Mheshimiwa Waziri, mzigo ni wa nani?

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,

YAH: LESENI ZA MAJINA YA KUKODI KARIAKOO

Salaam, na pole na majukumu.

Nakuandikia nikiwa ndani ya fremu yangu ya duka Kariakoo, nimekalia furushi la mabegi ya shule ambayo hayajauzika. Ni Januari. Kwetu sisi wauza mabegi Januari ndiyo mavuno, na miaka ya nyuma wakati kama huu sipati hata nafasi ya kumeza chai. Leo nimeshinda nimekaa tangu asubuhi.

Jumanne iliyopita alikuja mteja wangu, mama mmoja wa Lubumbashi, Kongo. Nimefanya naye biashara miaka tisa. Huwa anakuja mara tatu kwa mwaka, anafunga mzigo kwangu, mimi ndiye ninayemtafutia gari la kwenda Tunduma, mpakani na Zambia. Safari hii alikunywa chai, akawaulizia wanangu kwa majina, kisha akashika begi moja, akafungua zipu, akaifunga, akauliza bei. Nikamwambia 11,000, bei ya jumla. Akainama kidogo. "Mama, kule mbele wananipa kwa 9,500. Nitafanya namna gani?"

Mheshimiwa, begi la kule mbele ni hili hili. Katuni ile ile, zipu ile ile, mshono wa mkanda unafumuka pale pale. Mimi nimelinunua kwenye stoo hiyo hiyo ya Wachina kwa 10,000. Wananiuzia mimi kwa 10,000, mteja wangu wanamuuzia kwa 9,500, na mzazi anayetaka begi moja la mtoto wanampa kwa 10,500. Niambie mimi nisimame wapi katikati ya bei hizo. Yule mama alinikumbatia akaenda kununua. Simlaumu, naye ana kodi na watoto.

Sikuandikii kwa sababu nawachukia wageni. Mabegi ya China ndiyo yaliyosomesha wanangu. Mwaka 2011 nilipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, nikaenda Guangzhou na wenzangu wanne, tukachangia kontena moja, kila mtu na sehemu yake. Tulilala watu watatu chumba kimoja Xiaobei, mtaa wa huko huko Guangzhou, tukazunguka na kikokotoo mkononi kwa sababu lugha hatuijui. Mzigo ukafika bandarini, ukatoka, tukauza. Mzambia, Mmalawi, Mkongo na Mkomoro wote walikuja Kariakoo kwa sababu sisi tulikwenda kule. Biashara ya dunia ilipita mikononi mwetu, na kila mkono ulibakiwa na kitu: mimi, kuli, mama lishe, dalali, dereva wa gari la Tunduma. Sasa mwenye kiwanda ana stoo hapa hapa mtaani, na mlango wa stoo anaufungulia hata mnunuzi wa begi moja. Naamini Corona ndiyo iliyoanza kupindua mambo: sisi tukashindwa kusafiri, mzigo ukaja wenyewe pamoja na wenye mali. Huenda kuna sababu nyingine, lakini nilichokiona kwa macho ni hicho.

Ahadi nimezihesabu. Mei 2023 tulifunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja. Nilikuwepo, juani, tangu asubuhi. Juni 2024 tukafunga tena, na safari hiyo mikoani nako wakafunga. Februari 2025 wizara yako ikaunda kamati ya kuchunguza wageni wanaofanya biashara Kariakoo. Kisha Julai 2025 ikatoka amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara, ya kwanza ikiwa jumla na rejareja. Siku ile tulipigiana simu kama watu walioshinda kesi. Jirani yangu wa vyombo alilia.

Amri ile ni nzuri, naisema wazi. Imeweka faini kwa mgeni, na hata Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa imemwekea faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Tatizo ni kwamba wakaguzi wakija wanatazama leseni iliyotundikwa ukutani. Jina lililoandikwa pale ni la Kitanzania, wanashukuru, wanaondoka. Pale mbele leseni ni ya kijana ambaye mwaka juzi alikuwa akinibebea maboksi kwa mkokoteni. Namfahamu, ni kijana mwenye adabu, kila asubuhi bado ananiamkia. Hana mtaji wa kununua hata maboksi kumi. Analipwa mshahara ili jina lake likae ukutani, na mwenye mali anakaa ghorofa ya juu akiangalia kamera.

Naomba mniulizie swali moja tu pale dukani: mzigo ni wa nani? Nyaraka za forodha zina jina la nani, pesa ya mauzo jioni inaingia akaunti ya nani? Mashine ya risiti ipo, benki zipo, kontena haliji bila karatasi. Kwangu mmekagua mpaka daftari la madeni. Mnashindwaje kwao?

Kuna na la fremu. Mwenye nyumba amenipa notisi. Kodi niliyokuwa nalipa ni 800,000 kwa mwezi, sasa anataka 1,500,000, ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani milioni 18, na juu yake kilemba, yaani pesa ya kupewa fremu mbali na kodi, ambacho anakipigia hesabu kwa dola ingawa tangu Machi 2025 bei za dola zimekatazwa humu nchini. Anasema kuna mtu yuko tayari kulipa miaka mitatu. Nilipomuuliza ni nani akanyamaza. Ofisi moja ya serikali nimekwenda mara nne kuhusu jambo hili, mara nne nimeambiwa mhusika yuko kwenye kikao.

Na pale Ubungo, ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, pamejengwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, mwekezaji katoka China. Sipingi. Jirani yake tu kuna Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China hiyo hiyo wakati wa Mwalimu, na kina mama wa mtaa wetu walipata ajira mle. Ningependa kuona begi linashonwa Ubungo, Mheshimiwa, nami nikalinunue pale kwa jumla. Lakini kama nako mlango wa jumla utauza begi moja moja, basi sisi wa fremu tuambiwe mapema.

Sitaki mkopo. Sitaki semina ya ujasiriamali, nimekaa kwenye biashara hii miaka ishirini. Ninachoomba ni wewe mwenyewe uje, au utume mtu asiyejulikana na madalali, aingie pale mbele kama mnunuzi wa begi moja, kisha aulize mzigo ni wa nani. Aje mwezi huu. Tarehe 31 natakiwa kukabidhi funguo.

Wako mtiifu,
Muuza mabegi,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo