Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Idara ya Mapato ya Colorado: punguzo la kodi kwa wanaochangia malezi ya watoto

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Sisi tunawasaidia wazungumzaji wa Kiswahili wa Aurora, Denver na Greeley kujaza ritani zao za kodi. Tunakuandikia kuhusu punguzo la kodi ya jimbo wanalopewa wanaochangia malezi ya watoto, lililowekwa na kifungu cha 39-22-121 cha sheria za Colorado. Sheria yenyewe ni ya ukarimu. Anayetoa fedha kwa kituo cha malezi ya watoto kinachostahili hupunguziwa kodi kwa nusu ya alichotoa, na punguzo linaweza kufika hadi dola 100,000 kwa mwaka. Lakini mtoaji mdogo, wa dola 50 au 200, anapoteza haki yake njiani kwa makosa ambayo ukurasa mmoja wa maelezo ya Kiswahili ungeyazuia. Ukurasa huo ndio tunaouomba, na hapa chini tunaeleza unapaswa kusema nini.

Uanze na hesabu. Aliyetoa dola 600 ana punguzo la dola 300, nalo linakatwa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mapato yanayotozwa kodi. Wala halimtaki mtu aorodheshe makato yake, yaani matumizi yanayopunguza mapato yanayotozwa kodi, kwenye ritani ya shirikisho. Anayechukua makato ya kawaida, yaani kiasi kimoja kilichopangwa bila kuorodhesha chochote, naye anadai. Jambo hili lisemwe mapema na kwa sauti, kwa sababu watu wamezoea kuambiwa kwamba mchango hauna faida ya kodi kwa asiyeorodhesha, basi karatasi zao wanazitupa.

Kisha useme ukweli wa upande wa pili: punguzo hili halizidi kodi unayodaiwa, na kinachobaki hakilipwi mkononi. Mwenye punguzo la dola 300 ambaye kodi yake ya Colorado ni dola 180 atafuta hizo 180, na dola 120 zitasogezwa mbele, kwa muda usiozidi miaka mitano. Hapo ndipo salio hupotea. Mtu anabadilisha mtayarishaji wa ritani, huyo mpya haoni ritani ya mwaka jana, na dola 120 zinasahaulika. Ukurasa umwambie aweke nakala ya DR 0104CR, fomu ya kudai mapunguzo inayoambatana na ritani ya Colorado, pamoja na cheti cha mchango wake, avipeleke vyote kila msimu wa kodi mpaka salio liishe.

Cheti hicho ni fomu DR 1317, nacho hujazwa na kituo kilichopokea fedha, si na mtoaji. Barua ya shukrani haitoshi, risiti ya benki haitoshi, picha ya hundi haitoshi. Anayetuma ritani kwa mtandao anapaswa kupakia nakala ya cheti kupitia Revenue Online, tovuti ya Idara, au kuituma kwa posta akiambatanisha fomu DR 1778, ya viambatanisho vya ritani za mtandaoni. Wengi hujaza kiasi kwenye DR 0104CR wakaishia hapo. Halafu barua ya Idara inapofika ikitaka ushahidi, imeandikwa kwa Kiingereza, inakaa mezani, na punguzo linakataliwa kwa kukosa jibu tu. Tunaomba Idara iwahimize wakuu wa vituo watoe DR 1317 pamoja na risiti, au ifikapo mwisho wa Januari, bila kungoja kuombwa. Kituo kidogo kinachoendeshwa nyumbani hakina karani. Mwenye kituo akiambiwa Aprili atafute mchango wa Machi ya mwaka uliopita, anakisia.

Tunakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo maelezo ya kawaida hayaligusi, nalo ni namna watu wetu wanavyochanga. Fedha hukusanywa kwenye kikundi cha WhatsApp, msikitini au kanisani. Kila mmoja anamtumia mweka hazina kwa simu, naye anaandika hundi moja. Tuseme watu 20 wametoa dola 50 kila mmoja. Kituo kinapokea hundi ya dola 1,000 kutoka kwa mtu mmoja, na DR 1317 inatoka kwa jina lake. Sasa punguzo la dola 500 limeandikwa kwa aliyetoa dola 50. Akilidai lote, anadai kwa fedha za wenzake. Akidai dola 25 zake tu, wale 19 wamebaki bila cheti, na dola 475 za punguzo hazidaiwi na mtu yeyote. Hakuna aliyefanya hila hapo.

Kwa sasa ushauri wetu ni kwamba kila mtu alipe kituo moja kwa moja, kwa kadi au hundi yenye jina lake, na mweka hazina abaki na kazi ya kufuatilia nani ametoa na nani bado. Ushauri huu ni salama, ila unaua nguvu ya mchango wa pamoja, na bibi asiye na kadi ya benki anaachwa nje. Kwa hiyo tunaomba Idara itoe msimamo wa maandishi: je, mweka hazina akikabidhi hundi pamoja na orodha iliyotiwa sahihi yenye jina la kila mtoaji, kiasi na tarehe aliyotoa, kituo kinaweza kuandika vyeti 20 badala ya kimoja? Jibu likiwa ndiyo, mtupe mfano wa orodha inayokubalika. Likiwa hapana, tuelezwe, ili tuache kuwapa watu matumaini.

Kuhusu vitu na kazi za mikono, maelezo ni mafupi: ni fedha tu zinazohesabiwa. Magodoro, vitanda vya watoto, gunia la mchele, hisa, au siku nzima ya kupaka rangi darasa, vyote ni wema mkubwa na havina punguzo. Mwenye nia ya kununua magodoro akipe kituo fedha, kituo kinunue.

Ada pia si mchango. Mzazi anayelipia mtoto wake, au anayeambiwa atoe "mchango" ili mtoto apate nafasi, amenunua huduma. Vilevile haruhusiwi kudai mtu anayeweka fedha kwenye kituo cha biashara ambacho yeye au jamaa yake ana maslahi ya kifedha. Kwenye jamii ambayo kituo ni cha shangazi na wachangiaji ni wapwa, onyo hili lisiwekwe chini kwa herufi ndogo.

Halafu leseni. Mama anayelea watoto wa majirani bila leseni anawasaidia wengi wanaofanya kazi zamu za usiku, lakini fedha anazopewa hazizai punguzo. Mtoaji akague leseni ya kituo kabla hajatoa. Kituo cha biashara chenye leseni kinaweza kupokea, ila fedha lazima ziingie moja kwa moja kwenye majengo, vifaa au huduma, ikiwemo mishahara na mafunzo ya walezi. Shirika lenye shughuli nyingine mbali na malezi lithibitishe sehemu ya malezi tu, na mtoaji aandike kwenye hundi kwamba fedha ni za malezi ya watoto ndani ya Colorado.

Kwa wanaoorodhesha makato, kuna mtego wa shirikisho. Kanuni ya Hazina ya Marekani iliyokamilishwa Juni 2019 inamtaka mtoaji apunguze makato yake ya hisani kwa kiasi cha punguzo la jimbo, punguzo hilo likizidi asilimia 15 ya mchango. Letu ni asilimia 50. Aliyetoa dola 600 anaorodhesha dola 300 tu, hata kama sehemu ya punguzo lake la Colorado imesogezwa mbele. Programu za kujaza ritani haziwezi kujua hili mtu asipoliingiza mwenyewe, na anayeandika dola 600 kamili anajiletea deni la IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho.

Tarehe nazo zielezwe. Ahadi haihesabiwi mpaka ilipwe. Hundi iliyotiwa posta tarehe 31 Desemba ni ya mwaka huo. Mchango wa kadi huhesabiwa siku kadi ilipotozwa. Aliyesahau kudai miaka ya karibuni anaweza kurekebisha ritani yake kwa DR 0104X, mradi muda wa kisheria haujapita na cheti anacho.

Mwisho, Mheshimiwa, sheria ya HB23-1091 ya mwaka 2023 iliongeza maisha ya punguzo hili hadi mwisho wa mwaka wa kodi 2027. Kuna vituo vinavyoahidiwa michango ya miaka mitatu mfululizo kwa kutegemea punguzo hili. Tunaomba Idara itangaze mapema, kwa lugha zote inazotumia, nini kitatokea kwa michango ya kuanzia Januari 2028, na masalio ya miaka ya nyuma yatadaiwa vipi.

Wasomaji wa ukurasa huo watakuwa watu wa Bukavu na Lubumbashi, wa Kigoma na wa Mombasa, na Kiswahili chao si kimoja. Rasimu ikiwa tayari, tuiteni tuisome pamoja na watu wa pande zote hizo kabla haijachapishwa. Kazi hiyo tutaifanya bila malipo.

Wenu,
Watayarishaji wa ritani kwa Kiswahili, Aurora, Denver na Greeley