Barua kuhusu Petro na moto wa behewani

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio nyumbani. Mimi ni mzima, na kazi inaendelea. Barua yako ilikuwa na maswali mengi, lakini lililonikaa moyoni ni lile uliloliandika pembeni kwa penseli, kana kwamba uliona haya kuliuliza: kwa nini mtu anayemaliza picha ya mandhari kwa wiki mbili achukue miezi minane kumchora Petro akimkana Bwana? Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu na wewe umekubali kuchora kisa cha Injili kwa mara ya kwanza, na huenda ukajikwaa palepale nilipojikwaa mimi.

Utakachokigundua mapema ni kwamba Maandiko hayamwandalii mchoraji chochote. Yanasimulia nani alisema nini na nani alikwenda wapi, lakini umbo la mtu hulitaja pale tu kisa kinapolihitaji. Tunaambiwa Zakayo alikuwa mfupi, kwa sababu bila ufupi ule asingepanda mkuyu. Tunaambiwa Ehudi alikuwa wa shoto, kwa sababu upanga wake ulifichwa kwenye paja ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Na Sauli anatajwa urefu wake kwa sababu watu walikuwa wakitafuta mfalme wa kumtazama. Kuhusu sura ya Petro hakuna hata neno moja. Yule mzee mwenye mvi na ndevu fupi za mviringo, aliyevaa joho la manjano juu ya kanzu ya buluu, ametoka kwa wachoraji wala si kwa wainjilisti. Nami nilimchora hivyo kwa mazoea, hadi siku moja nilipojiuliza huyu mzee alitoka wapi. Usiku ule Petro alikuwa mtu aliyeziacha nyavu muda si mrefu, mwenye mama mkwe aliye hai, na mwepesi wa kuchomoa upanga. Nikamwondolea mvi zote kwa alasiri moja, na picha ikabaki na mtu nisiyemjua.

Baada ya hapo nikakuta kwamba hata namna alivyokaa inategemea unasoma Injili ipi. Katika Luka, watu wamewasha moto katikati ya behewa, yaani ua wa nyumba ya Kuhani Mkuu, Petro ameketi miongoni mwao, na mjakazi anamwona mwangani na kumkazia macho. Katika Yohana amesimama pamoja na watumishi akiota moto, na moto wenyewe ni wa makaa. Msomaji hupita hapo bila kusita, lakini mwenye brashi hawezi kupita. Makaa hutoa mwanga mwekundu na mdogo, ambao kwa mtu aliyesimama hupungua kabla haujafika kifuani, hivyo uso wake hubaki gizani na mikono tu ndiyo inayoonekana ikilifuata joto. Kuni zenye ndimi za moto hutoa mwanga wa manjano unaopanda hadi usoni kwa mtu aliyeketi. Mwanzoni niliyataka makaa, kwa sababu Yohana anayaleta tena ufukweni baada ya ufufuo, pale Petro anapoulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na nilipenda mtazamaji aukumbuke moto ule wa pili anapouona huu wa kwanza. Lakini ni Luka peke yake anayeandika kwamba Bwana aligeuka akamtazama Petro, na ni kwa ajili ya sentensi hiyo moja nilianza kazi hii. Nikajaribu kuchanganya, makaa chini na ndimi juu. Ilikuwa aibu tupu, nikafuta.

Basi nikaamua kumfuata Luka, nikaweka taa sakafuni na kumketisha mbele yake mvuvi mmoja ninayefahamiana naye, ambaye alikubali kunikalia saa mbili kila jioni mradi nisimzuie kuzungumza. Ndugu yangu, kabla hujafanya jambo jingine lolote, tazama uso wa mtu ukiangazwa kutoka chini. Maisha yetu yote tumeuzoea uso ulioangazwa na jua, kwa hiyo mwanga ukitoka chini kila kitu hupinduka: chini ya kidevu hung'aa, tundu za pua hung'aa, ngozi iliyo kati ya jicho na nyusi hung'aa, lakini paji huzama gizani, na kivuli cha pua hupanda juu badala ya kushuka. Mtu mwema kabisa huonekana kama amekamatwa akifanya uovu. Nilikaa mbele ya mvuvi yule, mcheshi na mkarimu, nikaona kwamba nusu ya kazi yangu imekwisha kufanywa na taa.

Rangi niliziweka kama tulivyofundishwa, tabaka jembamba la kahawia juu ya turubai nzima, kisha nikatoa mwanga kwa kufuta na kitambaa kabla ya kuongeza kitu. Mara moja tu niliharakisha, nikapaka rangi yenye mafuta machache juu ya ile yenye mafuta mengi ambayo haijakauka, na baada ya miezi miwili bega la Petro likapasuka nyufa kama tope la kiangazi. Kosa ni langu. Sina wa kumlaumu.

Ugumu wenyewe ulikuwa ni mtazamo ule. Nilikwenda kuwauliza waliotangulia. Caravaggio, katika picha yake ya mnamo mwaka 1610 iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, amemwacha Kristo nje kabisa. Kuna watu watatu tu, wamebanana: askari anaonyesha kwa kidole kimoja, mjakazi kwa viwili, na vidole hivyo vitatu ni mara tatu za kukana, huku Petro akiirudisha mikono yake kifuani kama anayeuliza, mimi? Rembrandt naye, katika picha ya mwaka 1660 iliyoko Amsterdam, amemweka mjakazi akiukinga mwali wa mshumaa kwa kiganja, na nyuma sana, upande wa kulia, katika giza ambalo jicho hulifikia mwisho, Yesu amegeuza kichwa juu ya bega. Ni mdogo kuliko kidole chako ukiitazama picha hiyo kitabuni, lakini ukishamwona huwezi tena kutazama mahali pengine.

Nikamwiga Rembrandt, nikashindwa. Kila nilipoupaka ule uso mdogo wa nyuma, ulitoka uso wa kalenda, nywele ndefu zilizochanwa na macho ya huzuni, yaani uso nilioukariri tangu utotoni bila kuuchagua. Si kwamba ni lazima uwe huo. Kuta za makaburi ya kale ya Wakristo huko Roma zina Kristo kijana asiye na ndevu. Caravaggio mwenyewe alimchora hivyo mezani Emau mwaka 1601. Na Elimo Njau, alipochora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, alivileta visa vya Kristo katika nchi na watu wa Kikuyu. Uhuru huo wote niliufahamu, lakini mkono wangu haukuufahamu.

Nikaanza upya kwa hila ambayo niliiona ya werevu mkubwa. Nilimwondoa Kristo pichani na kumfanya Petro atazame nje ya turubai, moja kwa moja kwako wewe unayeitazama, ili usimame pale aliposimama Bwana. Niliipenda sana kwa wiki tatu. Kisha mvuvi wangu akaja, akaitazama kimya, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akasema, "Mimi ni nani hata Petro anionee haya mimi? Mimi ningekuwa kando ya moto pamoja naye." Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilikuwa nimempa kila mpita njia kiti ambacho si chake.

Kilichonikwamua ni desturi ya wachoraji wa kanisa la Ethiopia, ambayo bila shaka unaikumbuka, kwamba watakatifu huchorwa kwa macho yote mawili, na waovu huchorwa kwa upande ili lionekane jicho moja tu. Katika karamu ya mwisho Yuda hutambulika kwa jicho lake hilo moja. Nilijiuliza Petro, katika dakika ile ambayo jogoo bado anawika na yeye bado ana neno la kukana mdomoni, ni wa jicho moja au wa macho mawili. Nilipokwisha kujiuliza hivyo, picha ikajipanga yenyewe. Petro anageuka. Amechorwa karibu kwa upande, akiwa bado anaelekea kwa mjakazi, lakini kichwa kimeanza kuzunguka, na jicho la pili limechomoza kidogo nyuma ya mfupa wa pua, kope tu na nukta moja ya mwanga isiyozidi punje ya mtama. Nukta hiyo imenichukua siku nyingi kuliko mwili mzima. Ikiwa kubwa, amekwisha kutubu. Ikiwa ndogo, hajasikia kitu.

Bwana anayemtazama yuko ng'ambo ya ukingo wa turubai. Nilishawishika kumweka kama mwanga, kwa mfano wa Henry Ossawa Tanner, ambaye mwaka 1898 alimchora Gabrieli akimjia Mariamu kama nguzo ya mwanga bila mwili wala mabawa, jambo lililompa binti yule aliyeketi kitandani ukimya ambao sijauona kwa mwingine. Lakini malaika ni malaika. Mtu aliyekamatwa usiku, ambaye muda mfupi baadaye watamfunika macho na kumpiga, nikimgeuza mwali nitakuwa nimemtoa katika mateso yake kabla ya wakati. Kwa hiyo nimeacha pembeni, upande wa kushoto, viganja viwili vilivyofungwa kamba, basi. Kamba hizo nimezikopa kwa Yohana, kwa maana Luka hazitaji. Utanisamehe, baada ya maneno yote niliyoyasema kuhusu moto mmoja. Fundo alilifunga mvuvi, kwa sababu nililolichora mimi alisema lingefunguka lenyewe kabla ya alfajiri.

Wewe umechagua mwanamke Msamaria, na nakuonea wivu kidogo, kwa sababu Yohana amekupa saa. Ni yapata saa sita, jua liko utosini, vivuli vimejikunja miguuni, na nyuso zote mbili zina giza machoni kwa sababu ya mwanga wa juu. Amekupa pia kisima kirefu, mtungi, na mtu aliyechoka asiye na chombo cha kutekea. Ningekuwa wewe ningeanza na uchovu wake wa kuketi, na maneno ya kisimani ningeyaacha kwa wahubiri.

Limebaki suala la jogoo, na hapa nahitaji jicho lako. Nimemweka juu ya ukuta wa behewa, kona ya juu kulia, shingo imenyooka, manyoya ya mkia yakishika wekundu wa moto. Nilimchora kwa asubuhi moja bila kufuta hata mara moja, na bila kujisifu ni kitu kilichochorwa vizuri kuliko vyote katika picha hii. Kila anayeingia humsifu jogoo. Jana nimesoma tena Injili zote nne na hakuna hata moja inayosema kwamba alionekana. Alisikika tu, pengine kutoka ua wa jirani. Picha ya karatasi nimeiambatanisha na barua hii. Mfunike jogoo kwa kidole gumba, uitazame, kisha uniandikie upesi, kwa maana rangi yake bado haijakauka na kisu cha kukwangulia nimekwisha kukinoa.

Wasalimie wote.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.