Barua kwa shoga yangu anayekuja Uingereza kazini

Leeds

Shoga yangu mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia viza imetoka. Umeniuliza juu ya lile gego lako: ukija kwa mkataba wa miaka mitatu utatibiwa meno katika NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, au sisi wa muda hatumo? Tumo. Tena viza yetu wauguzi imetuondolea ile ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka wanayotozwa wafanyakazi wengine wengi wa kigeni. Na yale maneno ya kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma yasikutishe. Hayo ni ya posho na nyumba za serikali. Matibabu ya NHS hayamo.

Ila meno si bure. Mtu mzima huchangia, mwenyeji na mgeni sawasawa. Kwa viwango vya huku England vilivyoanza Aprili 2025 (Scotland na Wales wana vyao), kukaguliwa kulikuwa pauni 27.40, kuziba, kung'oa au kutibu mzizi 75.30, na meno bandia 326.70. Ukizibwa meno matatu katika matibabu yale yale, unalipa mara moja tu. Binti yako atakapokufuata hatatozwa, maana walio chini ya miaka 18 hawalipi, na mjamzito halipi mpaka mwanawe atimize mwaka.

Linaloniuma ni kwamba haki ipo, daktari wa meno hapatikani. Kliniki nyingi hazipokei watu wazima wapya wa NHS, na kwa malipo binafsi bei ni nyingine kabisa. Mwenzetu mmoja wodini alivumilia jino zamu baada ya zamu, akimeza paracetamol, akidhani daktari wake wa kawaida atamtibu. Hao hawagusi meno. Alipopiga 111, simu ya msaada ya NHS, ndipo akapangiwa matibabu ya dharura, kwa zile zile pauni 27.40.

Kwa hiyo nakusihi, litibu gego huko huko Mombasa kabla hujapanda ndege, na uombe nakala ya eksirei uje nayo. Ukifika usingoje liume. Hufungwi na mtaa unaokaa, basi tutapiga simu hata kliniki za miji ya jirani, tuulize waziwazi kama wanapokea wagonjwa wa NHS, na uandikishe jina hata kama foleni ni ndefu.

Nitumie tarehe ya safari nije kukupokea. Nisalimie mama.

Mimi shoga yako