Siku 90 za kwata, halafu?

Mhariri,

Kila Panya Road, vikundi vya vijana wanaopora watu jijini Dar es Salaam, wanaporudi kwenye vichwa vya habari, kauli ileile huibuka: wakusanywe, wapelekwe jeshini wakanyooke. Wazazi wenye kijana aliyeacha shule na kuhamia kijiweni nao huulizia kambi za nidhamu za mtindo wa kijeshi. Tunawaelewa, maana kulala hujui mwanao yuko wapi ni mateso. Lakini dawa hii imeshajaribiwa na kupimwa na wengine, hatuna haja ya kubahatisha kwa watoto wetu.

Marekani ilianza na wafungwa watu wazima mwaka 1983, katika majimbo ya Georgia na Oklahoma, kisha kambi zikashuka hadi kwa watoto. Mwaka 1992 serikali kuu ikagharimia kambi tatu za majaribio kwa vijana: Cleveland, Denver na Mobile. Mpango ulikuwa siku 90 kambini, halafu miezi sita hadi tisa ya kufuatiliwa uraiani. Vijana waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa kambini, wale kwenye adhabu za kawaida, na ndiyo maana matokeo yake yana uzito. Cleveland, asilimia 72 ya waliopita kambini walirudia makosa, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Denver na Mobile makundi mawili yalikaribia kulingana. Mwaka 2005 watafiti Wilson, MacKenzie na Mitchell wakaweka pamoja tafiti 32 za kambi za namna hii, za wakubwa na za vijana. Uwezekano wa kurudia kosa ukawa uleule, kambi au bila kambi.

Sababu yake si ngumu. Kwata inafanya kazi, ila inafanya kazi mle kambini. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatandika kitanda, anaitika "Ndiyo, afande", kwa sababu afande yupo. Siku ya 91 anashushwa kituoni kwenye mtaa uleule. Shule haijampokea, kijiwe hakijahama, ugomvi wa nyumbani uko palepale. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoguswa na pushapu. Halafu kambi inalaza watukutu watupu bweni moja. Aliyeingia kwa kuiba simu analala jirani na anayejua pa kuziuza, na taa zikizimwa mkufunzi hayupo.

Lipo na la hatari zaidi. Mahali ambapo kila kitu ni amri, anayesema "siwezi" anahesabiwa mkaidi. Tarehe 5 Januari 2006, Panama City, Florida, Martin Lee Anderson, mwenye miaka 14, aliishiwa nguvu kwenye mbio za siku yake ya kwanza kambini. Kamera ya kambi ilirekodi walinzi wakimgandamiza huku wakimwekea puani vidonge vya amonia, vyenye harufu kali ya kuzindua aliyezimia, nesi amesimama pembeni. Alifariki kesho yake. Daktari wa kwanza kuuchunguza mwili alisema chanzo ni kinasaba cha selimundu. Uchunguzi wa pili ukasema alikosa hewa. Baraza la mahakama liliwaachia walinzi na nesi mwaka 2007, lakini jimbo lilikuwa limeshazifuta kambi hizo mwaka mmoja kabla, kwa sheria yenye jina lake.

Hilo la selimundu litushtue hapa nyumbani, ambako wenye kinasaba kimoja cha ugonjwa huo ni wengi, hasa Kanda ya Ziwa na Pwani. Wengi wao hawaugui wala hawajijui, lakini mbio ngumu, jua na kiu vikikutana, chembe zao za damu zinaweza kupinda na kuziba mishipa. Anayelegea miguu asilazimishwe mzunguko mwingine. Anayepepesuka na kuongea maneno yasiyoeleweka huku mwili ukiwaka, huyo amezidiwa na joto: apelekwe kivulini, amwagiwe maji baridi mwili mzima papo hapo, gari la hospitali likiwa njiani. Kumngojea "aache kujifanya" ndiko kunakoua.

Je, nidhamu ya kijeshi haifai kabisa? Hatusemi hivyo. Upo mpango wa Marekani uitwao Youth ChalleNGe, ulioanza mwaka 1993 chini ya National Guard, jeshi la akiba la majimbo. Anayeingia ni kijana wa miaka 16 hadi 18 aliyeacha shule, na anaingia kwa hiari yake. Wiki mbili za mwanzo ni za kuzoea, kisha wiki 20 za masomo, kazi na mazoezi, halafu mwaka mzima na mlezi ambaye kijana mwenyewe amempendekeza. Ulipopimwa kwa kugawanya vijana kwa bahati nasibu, baada ya miaka mitatu asilimia 72 walikuwa na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, dhidi ya 56 ya wasioingia, na kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 20. Katika uhalifu, hata hivyo, tofauti haikuonekana. Faida ilitoka darasani na kazini.

Kwa aliyeshaingia kwenye makosa, njia mojawapo yenye ushahidi mzuri ni kuifuata familia. Mtaalamu mmoja hushika familia nne hadi sita tu, kwa miezi mitatu hadi mitano, na hupatikana hata usiku. Anakaa sebuleni na wazazi, wanakubaliana saa ya kurudi nyumbani na nini kitafuata ikivunjwa, anakwenda shuleni kuongea na mwalimu, anamtafutia kijana marafiki wengine. Ni kazi ya polepole isiyopendeza kwenye picha, na inahitaji maofisa ustawi wa jamii wengi kuliko tulionao. Fedha za kambi zingeajiri hao.

Mzazi anayeshawishiwa kulipia kambi aulize: wakufunzi wangapi kwa vijana wangapi? Nani anawapima afya kabla ya mbio ya kwanza? Naweza kumpigia mwanangu bila mtu kusikiliza? Nafasi ya shule au ufundi imepatikana kabla hajatoka? Akijibiwa kwamba simu haziruhusiwi mwezi wa kwanza, amrudishe mtoto nyumbani. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mateso na adhabu za kikatili, na geti la kambi haliondoi sheria hiyo. Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, au apige 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Wadau wa ustawi wa watoto,
Morogoro